Malazi ya Wageni Yerusalemu Siku za Pasaka

Tunapoisoma habari ya Pasaka ya mwisho ya Bwana wetu, macho yetu hukimbilia mezani: mkate, kikombe, Yuda akitoka nje usiku. Mistari michache iliyotangulia huwa tunaipita upesi, maana inahusu malazi tu. Petro na Yohana wanatumwa mjini kutafuta chumba cha kutosha watu kumi na watatu, siku ile ile ambayo kila kundi lililopanda kutoka Galilaya, Yudea na nchi za mbali lilikuwa likitafuta chumba pia. Yeyote kati yetu aliyewahi kuwekwa kwenye kamati ya malazi ya mkutano wa kwaya anajua uzito wa kazi hiyo. Katika insha hii tunataka kukaa kidogo kwenye mistari hiyo, kwa sababu nyuma yake kuna historia ambayo washarika wengi hawajasimuliwa.

Torati iliwaagiza wanaume wote wa Israeli waonekane mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka: Pasaka, sikukuu ya Majuma na sikukuu ya Vibanda. Watu hawakusafiri mmoja mmoja. Walikwenda kwa misafara, jamaa na majirani pamoja, na ndiyo maana Yusufu na Mariamu waliweza kutembea siku nzima wakidhani mtoto wao wa miaka kumi na miwili yuko mahali fulani katika kundi. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema aliyetaka kufika haraka kutoka Galilaya ilimpasa kupita Samaria, mwendo wa siku tatu. Siku tatu ni usiku mara mbili njiani, na usiku huo unahitaji mahali pa kulala. Hapo ndipo penye kile kisa cha Luka 9: Yesu anatuma watu wamtangulie katika kijiji cha Wasamaria wakamwandalie, nao wanamkataa kwa sababu anaelekea Yerusalemu. Tumezoea kuhubiri juu ya hasira ya Yakobo na Yohana waliotaka moto ushuke. Tukumbuke pia kwamba kundi zima lilinyimwa malazi jioni, kwa sababu ya sikukuu wanayokwenda na hekalu wanalolikubali. Miaka kama ishirini baadaye, wakati wa liwali Kumano, Galilaya na Samaria ziligombana kwa sababu ya mauaji katika njia hiyo hiyo, na kesi ikafika hadi kwa Kaisari Klaudio huko Roma. Josephus katika kitabu kimoja anasema aliyeuawa ni Mgalilaya mmoja, katika kitabu kingine anasema ni wengi. Msomaji aweke jambo hilo akilini, maana sasa tunamwendea Josephus huyo huyo kwa hesabu kubwa zaidi.

Anasimulia kwamba wakati Kestio alipokuwa liwali wa Shamu, yaani miaka michache kabla ya vita ya mwaka 66, makuhani waliombwa wahesabu watu wa Pasaka. Wakahesabu kondoo. Waliochinjwa tangu saa tisa hadi saa kumi na moja ya jioni (saa za Biblia ni kama hizi zetu za Kiswahili) walikuwa zaidi ya 255,000. Kwa kuwa kila kondoo aliliwa na watu wasiopungua kumi, hesabu yake ikatoa watu zaidi ya milioni mbili na nusu. Ni Josephus huyo huyo anayetuambia kwamba mzunguko wa mji ulikuwa stadio 33, kama kilomita 6 hivi. Hatuwezi kuupokea umati huo katika mji mdogo namna hiyo, na wataalamu wa leo hawaupokei. Joachim Jeremias, mwanatheolojia wa Ujerumani ambaye utotoni aliishi Yerusalemu, baba yake akiwa mchungaji wa Kilutheri pale, alipima ukubwa wa nyua za hekalu na kukisia mahujaji kama 125,000. Wengine wamekisia zaidi. Lakini hata tukichukua hesabu ndogo kabisa, wageni waliwazidi wenyeji mara kadhaa, na wote walitaka kuwa ndani ya kuta usiku mmoja.

Tunasema ndani ya kuta kwa sababu sheria ndiyo iliyobana. Kondoo wa Pasaka alipaswa kuliwa Yerusalemu kwenyewe, usiku, katika nyumba moja, na watu waliojiandikisha kwa kondoo huyo. Kumi ndiyo idadi ya chini anayoitaja Josephus, na makundi mengi yalifika ishirini. Kwa hiyo Yesu na wale Kumi na Wawili walikuwa kundi la kawaida kabisa, si kubwa, si dogo. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika mnamo mwaka 200, unaonyesha jinsi watu walivyobanana. Unazungumzia makundi mawili yanayokula Pasaka katika nyumba moja: hawa wageukie upande huu, wale wageukie upande ule, na birika la maji ya moto liwe katikati. Hata bibi arusi ametajwa, kwamba aruhusiwe kugeuza uso pembeni anapokula, kwa haya ya kutazamwa na watu wengi. Sheria haiandikwi namna hiyo mahali penye nafasi ya kutosha.

Kodi je? Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie. Mapokeo ya marabi yanafundisha kwamba nyumba za Yerusalemu hazikupangishwa siku za sikukuu, kwa sababu mji haukugawiwa kabila lolote. Ulikuwa wa makabila yote. Rabi mmoja alisema hata vitanda visikodishwe. Aliyekuja kumwabudu Mungu alikuwa amekuja kwake, na mwenye nyumba hakuwa na haki ya kumtoza mtu kwa kulala kwake mwenyewe. Mgeni, akiondoka, alimwachia mwenyeji ngozi ya mnyama wake wa sadaka, pamoja na mtungi wa divai uliobaki. Pia mji uliishi kwa fedha za zaka ya pili, ambayo Kumbukumbu la Torati 14 linaagiza itumike kwa chakula na kinywaji pale pale mahali patakatifu. Faida ya wenyeji ilitoka sokoni, si kitandani.

Hatudai kwamba mambo yalikwenda vizuri kila mwaka. Wakati Mishna na Talmudi zinaandikwa hekalu lilikuwa limekwisha kuanguka, na watu hukumbuka mji uliopotea kwa uzuri kuliko ulivyokuwa. Tena mapokeo yale yale yanakiri kwamba wenyeji wengine walizichukua zile ngozi kwa nguvu. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Hata hivyo, hesabu yenyewe inatulazimisha kuamini kwamba kitu cha namna hii kilikuwepo. Mji wa kilomita 6 haungeweza kupokea umati ule mara tatu kwa mwaka, karne baada ya karne, kama kila chumba kingepewa atakayetaja bei kubwa. Maskini wa Galilaya wangebaki kwao, na Pasaka ingekuwa sikukuu ya wenye mali.

Hilo linatugusa sisi. Zamani mikutano yetu ya kwaya, ya vijana na ya akina mama ilitegemea nyumba za washarika. Wageni waligawanywa mlangoni pa kanisa, watano kwa mzee huyu, watatu kwa mjane yule, na godoro likatandikwa sebuleni. Siku hizi barua ya mwaliko mara nyingi huja na orodha ya gesti na bei zake. Sababu zipo: nyumba za mjini ni ndogo, wengi wetu ni wapangaji, na uaminifu umepungua. Lakini kwaya ya mtaa wa kijijini isiyo na fedha ya gesti haifiki kabisa, na hakuna kumbukumbu ya kikao inayosema kwamba ilikataliwa.

Turudi kwa Petro na Yohana. Walielekezwa wamfuate mwanamume aliyebeba mtungi wa maji, na wamwulize mwenye nyumba atakayoingia kiko wapi chumba cha wageni. Katika Kigiriki cha Luka 22 neno hilo ni kataluma. Ni neno lile lile analolitumia Luka katika sura ya 2, pale Mariamu alipokosa nafasi huko Bethlehemu. Biblia yetu ya Kiswahili imeandika pale «nyumba ya wageni», na imetumia maneno hayo hayo kwa nyumba ambayo Msamaria mwema alimpeleka yule majeruhi na kulipa dinari mbili. Lakini ile ya Msamaria katika Kigiriki ni neno jingine kabisa, la nyumba ya kulipia yenye mtunzaji wake. Kwa hiyo yule mwenye gesti mkali wa maigizo yetu ya Krismasi, anayefunga mlango kwa kishindo, hayumo katika Luka. Kinachotajwa, kwa maoni yetu, ni chumba cha wageni ambacho kilikuwa kimejaa. Luka anaanza maisha ya Yesu kwa kataluma lililokosa nafasi na kuyafikisha mwisho kwa kataluma lililopatikana, chumba kikubwa cha juu kilichotandikwa tayari.

Chumba hicho kilipatikana kwa ajili ya kula. Kulala kulikuwa jambo jingine. Juma lile Yesu alilala Bethania, na Luka anasema usiku alikuwa akienda kukaa katika mlima wa Mizeituni. Wataalamu kadhaa, Jeremias miongoni mwao, wanaeleza kwamba usiku wenyewe wa Pasaka haikuruhusiwa kutoka nje ya eneo la mji, ambalo mpaka wake ulisogezwa hadi Bethfage ili watu waenee. Bethania ilikuwa ng'ambo ya mpaka huo. Huenda ndiyo sababu usiku ule hawakwenda kwa marafiki zao, bali walibaki Gethsemane, bustanini. Yohana anaongeza kwamba Yuda alipajua mahali pale, kwa kuwa Yesu alikutana hapo mara nyingi na wanafunzi wake. Waliokuwa na nyumba mjini walifunga milango usiku ule. Kundi lisilo na nyumba lilijulikana linapokaa.

Hatari ya kulala nje ilikuwa imeonekana zamani. Pasaka ya mwaka 4 KK, muda mfupi baada ya kifo cha Herode, Arkelao aliogopa fujo hekaluni akawatuma askari. Josephus anataja mahema ya mahujaji yaliyokuwa nje, anasema watu kama 3,000 waliuawa, na kwamba wapiga mbiu walitangaza kila mtu arudi kwao. Wakaiacha sikukuu wakaenda.

Waliotoka mbali zaidi walikuwa na shida yao. Mgalilaya aliweza kuwa na shangazi mjini, lakini Myahudi wa Roma au Kirene alikuwa na nani? Mwaka 1913 mchimbaji Mfaransa Raymond Weill alitoa ndani ya kisima cha kale, kusini mwa hekalu, jiwe lenye mistari kumi ya Kigiriki. Wengi wa wataalamu wanaliweka kabla ya mwaka 70. Linamtaja Theodotos, kuhani na mkuu wa sinagogi, mwana na mjukuu wa wakuu wa sinagogi, aliyejenga nyumba kwa ajili ya kusoma Torati na kufundisha amri, pamoja na vyumba vya wageni na mahali pa maji, kwa ajili ya wenye haja watokao ugenini. Tunapenda kwamba jiwe halikutenganisha mambo hayo. Darasa la Torati na mahali pa kuoga viliandikwa katika sentensi moja.

Tumalizie na kundi lililokuja likiwa na tatizo ambalo hata Theodotos huenda asingelitatua. Mnamo mwaka 57 Paulo aliharakisha awahi Pentekoste Yerusalemu. Matendo 20 inataja wenzake saba, kutoka Makedonia, Galatia na Asia, na Luka naye alikuwa safarini. Baadhi yao, kama Trofimo wa Efeso, walikuwa watu wa Mataifa, wasiotahiriwa. Katika mji uliojaa mahujaji waliojitakasa kwa sikukuu, ni nani angewatandikia? Hata katika kanisa la pale walikuwepo maelfu ya waamini wenye wivu kwa ajili ya Torati. Basi wanafunzi wa Kaisaria wakawasindikiza hadi kwa mtu mmoja, Mnasoni wa Kipro, mwanafunzi wa tangu zamani, aliyekuwa mgeni katika mji ule kabla yao. Hatuambiwi neno lolote alilosema wala kazi nyingine aliyofanya. Luka ameandika jina lake na kwamba walilala kwake.

Siku chache baadaye ghasia zilizuka hekaluni. Watu walikuwa wamemwona Trofimo akitembea mjini pamoja na Paulo, wakadhani amemwingiza patakatifu. Nyumba aliyokuwa akirudi kulala jioni, Luka ameshatutajia mwenyewe wake.