Feni Ikinyamaza

Ukisimama Busale, kwenye mashamba ya kakao na mpunga ya Kyela, makaa ya mawe hayako mbali. Mpakani mwa Kyela, Ileje na Rungwe upo mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa kwa Tanzania 1988. Wachimbaji waliingia ndani ya mlima. Makaa waliyoyatoa yalichomwa hapohapo, kwenye mtambo wa umeme wa megawati 6, na umeme huo ukaendesha mgodi wenyewe.

Mchimbaji wa chini ya ardhi hana pumzi yake mwenyewe. Analetewa. Mwamba wa makaa hutoa methani, gesi isiyo na rangi wala harufu, nyepesi kuliko hewa, inayojikusanya darini. Ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua. Moshi wa baruti nao huacha kaboni monoksidi, ileile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani usiku wa baridi. Kazi ya feni ni kuziondoa zote mbili kabla hazijatulia.

Ndiyo maana mgodi unahitaji matundu mawili: moja la kuingiza hewa, lingine la kuitoa. Somo hilo lililipiwa Hartley, kaskazini mwa Uingereza, Januari 1862. Mgodi ule ulikuwa na shimo moja tu, lililogawanywa kwa ukuta wa mbao ili hewa ishuke upande mmoja na kupanda mwingine. Boriti ya chuma ya pampu ikakatika, ikaangukia shimoni, ikauvunja ukuta na kuziba njia. Wanaume na watoto wa kiume 204 walikufa. Wengi hawakuguswa na chuma wala jiwe. Gesi ndiyo iliyowamaliza. Mwaka huohuo sheria ikataka kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea.

Miaka 140 baadaye, Mirerani, wilayani Simanjiro, wanaapolo walikuwa wakishuka kutafuta tanzanaiti kwenye mashimo membamba, hewa ikisukumwa kwa mashine kutoka juu. Juni 2002 mashine ya hewa ilishindwa. Watu zaidi ya thelathini walikufa kwa kukosa pumzi.

Utaratibu wa feni inaposimama si siri. Kata umeme wa mitambo ya ndani. Simamisha ulipuaji. Toa watu wote kuelekea upande hewa safi inakoingilia, kisha wahesabu mlangoni, mmoja mmoja. Feni ikiwaka tena, asirudi mtu. Kwanza aingie mkaguzi na kipimo cha gesi. Hakuna hatua hapo inayohitaji elimu kubwa. Inahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema "tokeni" bila kuuliza hasara ni kiasi gani.

Hapo ndipo penye ugumu. Wanaapolo wengi hawakuwa na mshahara. Walilishwa na mwenye shimo, wakasubiri mgawo siku jiwe litakapopatikana. Kwa mtu wa namna hiyo, saa moja nje ni saa moja ya bahati iliyopotea. Mashine inapokohoa, anasubiri kidogo, pengine itapona. Kaboni monoksidi haimpi muda wa kubadili mawazo: humlegeza miguu kabla hajajua kwamba anaumwa.

Kiwira ulibinafsishwa 2005. Miaka michache baadaye uzalishaji ukasimama, kisha mgodi ukarudi serikalini, chini ya STAMICO. Kila yanapozuka mazungumzo ya kuufufua, yanahesabiwa megawati, tani na ajira. Ni haki, vijana wa Busale na Ileje wanaihitaji kazi hiyo. Lakini wao wana swali lingine la kuuliza kabla ya kusaini: feni ikinyamaza, nani atatuambia tutoke, na mshahara wa siku hiyo tutalipwa?