Mbona wanarudi, kisha wanaondoka tena?

Kila mara tunapotuma ripoti kwa wafadhili wetu, swali moja linarudi kwetu. Mtu mlimpokea, mkamuandikia kadi ya mwanachama, mkampa mtaji kidogo wa kuanzia: juu ya nini baada ya miezi sita yuko Kamituga, Misisi ao Bujumbura? Swali lile lile, kwa maneno makali zaidi, liliulizwa kwenye mkutano wetu wa Kadutu: wale wasiohudhuria, tuwafute kwenye orodha ya MUSO ao tuwaache? Kabla hatujapiga kura, tunaomba wanachama tuangalie nyuma kidogo. Vita ilitufukuza, hakuna anayebisha. Lakini familia za huku zilianza kugawanyika mbele ya risasi ya kwanza.

Hadi 1954 mji huu uliitwa Costermansville. Wakati ule walowezi walitaka vitu viwili, ardhi na mikono ya watu. Shirika la Comité National du Kivu, lililoanzishwa 1928, liliwagawia ardhi ya milimani, na mashamba ya kahawa, chai na kwinini yakaenea. Kodi ya kichwa ililipwa kwa feza, na feza ilipatikana kwa mzungu. Njo namna babu zetu wa Kabare na Walungu walivyotoka nyumbani, siyo kwa kupenda safari. Wengine waliingia mashambani, wengine walienda kwenye dhahabu ya kampuni ya MGL kule Kamituga. Baadaye kampuni ziliona faida kumuacha mfanyakazi aishi na bibi yake kambini: nyumba, posho, dispanseri, shule ya watoto. Hapo likazaliwa wazo ambalo tunatembea nalo mpaka leo: baba ni mtu wa mshahara, mama ni mtu wa shamba na jiko.

Mshahara ule uliuawa pole pole. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatachukuliwa na Wazairwa. Mengi yaliangukia watu wa karibu na utawala, na mengi yakafa mikononi mwao. Mwisho wa Desemba 1979, noti za Zaire 5 na 10 zilifutwa. Siku za kubadilisha zilikuwa chache na benki ilikuwa mbali, kwa hiyo mkulima aliyeficha feza ya kahawa yake ndani ya nyumba alibaki na karatasi. Mwaka 1982 sheria ikaruhusu raia wachimbe dhahabu na almasi wenyewe. Kwa maneno mengine, Leta ilikuwa inasema: mjitafutie.

Kisha ikaja Oktoba 1985. Bei ya bati ilianguka London, na hapa kwetu SOMINKI, kampuni iliyoundwa 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, ikaanza kuyumba. Watu walipoteza kazi, na waliobaki walikaa kambini wakingojea mshahara usiofika, mpaka wakashika nyundo na kuanza kuchimba kwa ajili yao wenyewe. Tunapenda wanachama vijana washike hili: Kamituga haikuanza kuwa mji wa wachimbaji huru wakati wa vita. Ilianza pale mfanyakazi aliposhindwa kulisha nyumba yake.

Miaka ya 1990 ilimaliza kilichobaki. Mwisho wa 1993 Zaire mpya moja ilibadilishwa kwa Zaire za zamani 3,000,000. Hebu fikiria karani ao mwalimu aliyekuwa anaweka akiba! Mshahara wa Leta uligeuka jina tu. Kuanzia mwaka wa shule 1992-1993, ili masomo yasikufe, wazazi walikubali kumlipa mwalimu wao wenyewe, feza ile tunayoita prime. Ilipaswa kuwa msaada wa muda. Shule ya msingi ilitangazwa bure Septemba 2019, ila sekondari bado inalipwa, na kila Septemba njo mwezi ambao watu wengi wanaomba mkopo kwetu.

Nani alijaza pengo la baba? Bamama. Hapa Bukavu kila mtu anawaona, lakini kuona kila siku kunafanya mtu aache kuona. Mama aliyekuwa analima Walungu alianza kushuka na mzigo wa mihogo, ndizi, makala ao mbao, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Mwingine anabeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka Beach Muhanzi kupanda soko la Kadutu, kilo 50 na kuendelea, kwa bei inayokubaliwa kwa kubishana, na akichelewa mzigo unapewa mwenzake. Kule Kamituga bamama walitwanga mawe ya dhahabu kwa kinu cha chuma. Kiswahili na Kifaransa vikaoana, wakaitwa “mamans twangaises”. Mashine za kusaga mawe zilipofika, hata ile kazi ikaanza kuponyoka mikononi mwao.

Nyumbani mambo yalibadilika kuliko watu walivyokubali kusema. Mama analeta chakula, baba bado anaitwa kichwa cha nyumba, na wote wawili wanaona haya. Baba anatoka “kutafuta”. Kwa maoni yetu, wengi walioondoka hawakukimbia watoto wao. Walikimbia kukaa mbele ya watoto mikono mitupu. Lakini tuseme kweli yote: wako walioanzisha nyumba ya pili machimboni na hawakutuma hata franga moja, na mama wa Bukavu alibaki na watoto, madeni na jina la kuwa ameolewa.

“Si warudi kijijini walime?” Tunasikia hilo pia. Huko Bushi ardhi ilipatikana kwa kalinzi: familia inamtolea chifu ng’ombe, inapata shamba ambalo watoto wanarithi. Asiyeweza kalinzi analima kwa bwasa, yaani ardhi ya kuazima kwa muda, ambapo hawezi kupanda migomba wala kahawa. Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa ya Leta, na mwenye karatasi ya ofisi akamshinda mwenye kalinzi. Familia nyingi zilijikuta na kipande kidogo ambacho, kikigawanywa kwa watoto wa kiume watano, kila mmoja anapata mistari ya maharagwe.

Vita za 1996 na 1998 ziliingia katika nyumba hizi zilizokuwa tayari na mtu mmoja machimboni, mmoja sokoni, mtoto mmoja kwa shangazi. Njia za kukimbilia zilifuata mara nyingi njia za kutafuta. Kutoka Kivu Kusini wengi walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kwenye kambi za Nyarugusu na Lugufu. Mwishoni mwa 2000 bei ya koltani ilipanda sana, vijana wakaacha shule, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka. Walirudi na vyombo, mabati na watoto waliozaliwa kambini. Mshahara haukuwa umerudi, wala shamba. Na Septemba 2010 serikali iliposimamisha uchimbaji wa mikono Kivu na Maniema hadi Machi 2011, hata ile njia ya mwisho ilifungwa miezi sita, na bamama waliouza bugali machimboni walifilisika pamoja na wachimbaji.

Kwa hiyo, kwa wafadhili wetu: anayeondoka tena hajaharibu msaada wenu. Mara nyingi mtaji uko Kadutu kwa bibi yake, kwenye meza ya fretini ao ya chumvi, na yeye ameenda kutafuta minervali.

Kwa wanachama, pendekezo tunaloleta kwa mkutano mkuu ni hili. Kadi ya MUSO iandikwe kwa jina la nyumba, siyo la mtu mmoja. Anayebaki Bukavu, akiwa mama, dada ao mtoto mkubwa, awe na haki ya kupiga kura na kuchukua mkopo kwenye sanduku la kijani. Sanduku jekundu lisaidie ugonjwa na kilio cha nyumba ile hata kama baba yuko machimboni, mradi mchango unaingia. Mchango ukikosa miezi mitatu mfululizo, kamati iende kwanza kuitembelea nyumba, kisha njo ifute.

Wako wanaopinga, wakisema tutawabeba wasiokuja. Tumewaomba waandike sababu zao, na sekretariati itazisoma mbele ya kura.