Pombe Kuiva: Mtungi na Chupa katika Mwambao wa Karema

Pombe ya nafaka haikai. Karema, mashariki mwa Ziwa Tanganyika, na katika nchi jirani za Ubende, Ufipa na Unyamwezi, muda wa pombe kuiva ulihesabiwa kwa saa, na kuchelewa siku moja kulitosha kuifanya siki. Kuijua saa hiyo ndiko kulikomtofautisha mpika pombe hodari na mwingine.

Miongoni mwa maelezo ya mwanzo ya maandishi ni ya Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 anaeleza kwamba nusu ya mtama ilioteshwa, ikatwangwa na kuchanganywa na nusu nyingine iliyosagwa, wakati mwingine kwa asali kidogo. Mchanganyiko ukachemshwa mara mbili au tatu katika vyungu vikubwa, ukachujwa, kisha ukaachwa uchachuke. Baada ya siku ya 3, anasema, ulikuwa mkali kama siki. Karema iliunganishwa na njia za misafara ya Tabora Agosti 1879, Kapteni Cambier wa Ubelgiji alipoanzisha kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, kituo ambacho mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers. Wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi, watu wa pombe ile ile aliyoieleza Burton.

Kazi huanzia kwenye kimea. Ulezi au mtama hulowekwa, humwagwa maji, hufunikwa siku mbili tatu mpaka vimizizi vishikamane, kisha huanikwa na kusagwa. Uji mzito uliopoa ukitiwa kimea hulegea ndani ya muda mfupi, mwiko ukaanza kupita bila kukwama: wanga unageuka sukari. Hapo ni togwa, na watoto hunywa. Kadiri saa zinavyopita, chachu iliyomo kwenye makapi ya kimea, au kwenye mtungi wa zamani usiosuguliwa sana, huianza sukari hiyo. Povu hupanda likibeba makapi, na mtungi husikika ukinong'ona kwa anayeukaribia. Dalili inayongojwa ni povu kukatika na makapi kuanza kuzama. Ulimi huthibitisha: utamu umepungua, uchungu na uchachu vimejitokeza. Pombe imeiva, na wanywaji waitwe siku hiyo hiyo.

Lakini iliyoiva haijamaliza kuchachuka. Bado ina sukari, bado inatoa gesi, na bakteria wa uchachu wanaendelea na kazi yao. Joto huharakisha yote hayo. Karema iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake una joto. Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, iko karibu mita 1,800 na usiku ni baridi. Kipimo kile kile cha ulezi huiva mapema zaidi ziwani kuliko mlimani, kwa hiyo hesabu ya siku peke yake haikufaa kuhamishwa kutoka mji hadi mji. Dalili ndizo zilizofaa.

Wanzuki, pombe ya asali ya miombo ya Tabora na Mpanda, ni habari nyingine. Asali ina sukari kama sehemu 4 kati ya 5, na haichachuki mpaka iongezwe maji. Haina virutubisho vingi vya chachu, hivyo huenda polepole. Kwa kawaida hunywewa baada ya siku chache, ingali tamu na yenye povu. Ikiachwa majuma kadhaa, utamu huisha na ukali huzidi.

Ikiachwa hivyo mpaka utamu uishe, wanzuki inafanana na stauti kali, ile bia nyeusi iliyosafirishwa kutoka London hadi Urusi, na kutoka Dublin hadi Karibea kuanzia mwaka 1801. Kwa stauti, kuiva maana yake ni kumaliza. Mwaka 1784 John Richardson wa Hull aliandika kitabu cha kupima bia kwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea juu zaidi kadiri sukari ilivyo nyingi. Stauti iliyoanza kwa kipimo cha 1.080 kwenye haidromita huweza kutulia karibu na 1.020, ikiwa na kileo cha asilimia 8 hivi. Povu kutoweka si ushahidi, maana chachu iliyochoka huweza kuamka chupani. Kushuka nukta 4 au 5 katika tarakimu ya mwisho ya kipimo hicho baada ya kizibo kufungwa kunatosha kutoa gesi ya bia ya kawaida; ikiongezwa sukari ya kutilia povu, chupa huweza kupasuka.

Tanganyika Breweries ilianza kutengeneza bia ya kiwandani Dar es Salaam mwaka 1933, na reli ambayo ingeweza kuzileta chupa zake ilifika Mpanda mwaka 1950. Chupa haikuiondoa pombe ya kupika, wala ufundi wa mtungi haukuhamia kwenye chupa, kwa kuwa dalili za mtungi zinaonyesha wakati wa kunywa tu. Hata chibuku ya kawaida, pombe ya nafaka ya kiwandani iliyoanzia Kitwe, Zambia, katika miaka ya 1950, haifungwi kabisa: pakiti yake huachiwa upenyo wa gesi, na hudumu siku chache tu. Anayetaka kuifunga wanzuki au stauti apime mara mbili kwa kuachana siku 3, na asifunge mpaka vipimo vyote viwili vilingane.