Jina la Liemba na Sinema ya Mwaka 1951

Sinema ya The African Queen (1951) yamwonyesha mwanamke Mwingereza aliyefungwa katika manowari ya Wajerumani na kuhukumiwa kunyongwa. Mara manowari yazama, naye aokoka. Manowari hiyo yafananishwa na Graf von Götzen, iliyoundwa upya Kigoma. Kumbe hiyo haikuzamishwa na adui. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, mitambo wakiwa wameipaka mafuta mazito. Yaani walitaraji kurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ikarejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone aliliandika mwaka 1867 kuwa la upande wa kusini wa ziwa. Mwaka 2010 sinema hiyo ilitolewa Marekani katika DVD za kutazamwa nyumbani. Humo meli yazidi kuzama, na jina la Liemba halimo.