Simu kwenye usukani: sheria inatafuta mkono, hatari iko kichwani

Wasomaji wa huu uzi, mnajua kanuni yetu. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja inayorushwa kwenye majukwaa, tunaichambua, tunaangalia imetoka wapi.

Hoja ya leo inarudi kila basi likipinduka. Upande mmja husema dereva akipatikana na simu afungwe, kwisha. Upande mwingine husema hiyo sheria ni mtego tu wa kula kitu kidogo barabarani, maskini wa Mungu anatafuta unga na nyinyi mnamsumbua na simu. Wote hupigiwa makofi. Na wote huongea kama kwamba simu iliingia kwenye gari juzi, pamoja na WhatsApp.

Sivyo. Simu ya kutembea nayo ilizaliwa ndani ya gari.

Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis, Marekani, dereva mmoja alipiga simu kutoka kwenye gari lake kupitia mtandao wa Bell. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 36, unaibeba kwenye buti kama gunia la mahindi. Simu ya kwanza ya kushikwa mkononi ilikuja miaka 27 baadaye, Aprili 1973, pale Martin Cooper wa Motorola aliposimama kando ya barabara New York na kupiga. Kwa hiyo kwa zaidi ya robo karne, ukisema simu ya kutembea nayo, ulimaanisha simu ya gari. Hata jina Motorola lilianza kama jina la redio ya gari, 1930. Na redio yenyewe ilipoingia kulikuwa na watu Marekani waliolalamika kwamba itawachanganya madereva.

Hapo ndipo wale wa "mtego wa polisi" hupenda kunikatiza. "Si unaona? Walilia kuhusu redio, na leo kila matatu ina muziki wa kupasua vioo." Hoja nzuri, lakini redio haikuulizi swali ikangoja jibu. Hilo mliweke kando, nitalirudia, kwa sababu mimi mwenyewe nililijua kwa njia mbaya.

Simu za magari zilikuwa za nani? Za makampuni, za waandishi wa habari, za matajiri. Hakuna aliyeharakisha kutunga sheria. Sheria zilikuja simu ilipofika mikononi mwa kila mtu. Japani ilipiga marufuku Novemba 1999. Jimbo la New York lilifuata 2001, la kwanza Marekani. Uingereza ikafuata Desemba 2003. Mwaka 2006 hata Mkataba wa Vienna wa kanuni za barabarani ulifanyiwa marekebisho kuingiza jambo hilo.

Sasa angalia zote zilikataza nini. Simu ya kushikwa mkononi. Ukiweka visikizi masikioni, au gari lako likiwa na Bluetooth, endelea kuongea na mkeo, na bosi wako, na benki.

Na haikuwa kwamba hawakujua. Mwaka 1997, kabla ya sheria hizo zote, watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walichukua madereva 699 waliokuwa na simu na waliohusika kwenye ajali, wakapitia rekodi zao za simu. Waligundua kwamba hatari ya kugonga ilikuwa karibu mara nne dereva akiwa kwenye simu. Sehemu ambayo watu huruka ni hii: hawakuona kwamba simu isiyoshikwa mkononi ilikuwa salama kuliko ile inayoshikwa. Baadaye, 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliwaweka watu kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, wakawalinganisha wanaoongea na simu na waliolewa kufikia kiwango cha kisheria cha huko. Walioongea, kwa mkono au bila mkono, hawakuwa na nafuu.

Kwa nini basi sheria ilishika mkono ikaacha kichwa? Nina maoni yangu. Kwanza, polisi anaona mkono, haoni mawazo. Hiyo ni sababu halali, sheria isiyoweza kutekelezwa ni karatasi. Lakini pili, watu wanaotunga sheria ndio wenye magari yaliyo na Bluetooth. Mwaka 2019 kamati ya bunge la Uingereza ilipendekeza serikali ifikirie kukataza hata simu zisizoshikwa mkononi. Serikali ikasema hapana.

Waingereza hao hao walitupa somo lingine. Sheria yao ya 2003 iliandikwa kwa ajili ya kupiga simu na kutuma ujumbe. Mwaka 2019 mahakama ikaamua kwamba dereva aliyekuwa akirekodi video ya ajali kwa simu, huku akipita, hakuvunja sheria hiyo, maana kurekodi si mawasiliano. Ilibidi waiandike upya, ikaanza kutumika Machi 2022. Leo ukiishika kwa lolote umekosea. Wameacha milango michache midogo, kama vile kupigia huduma za dharura kama kusimama ni hatari au haiwezekani, na kulipa kwa simu gari likiwa limesimama, kwa mfano pale dirishani unaponunua chakula bila kushuka.

Turudi nyumbani.

Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, ni ya 1953. Iliandikwa na wakoloni, simu ikiwa ni kitu cha waya ukutani. Simu za mkononi ziliingia Kenya miaka ya tisini zikiwa ghali kupindukia, zikaanza kushuka bei ushindani ulipokuja mwaka 2000. Hadi hapo tunafanana na wengine. Baadaye tukachukua njia yetu. Machi 2007 ikaja M-Pesa, simu ikageuka kuwa pochi. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, boda zikajaa kila mahali, na simu ikawa ndiyo steji, kwa sababu mteja anakupigia. Miaka michache baadaye teksi za programu zikaingia Nairobi, simu ikawa ndiyo bosi. Inakupa kazi, inakuonyesha njia, inakuhesabia pesa, inakupa alama.

Mtu wa ofisini London akizima simu akiendesha anakosa porojo. Dereva wa teksi Nairobi akizima simu hana kazi.

Na sheria ilisema nini juu ya haya yote? Orodha ya faini za makosa madogo ya 2016 ina mstari mmoja: dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo, shilingi 2,000. Mkanda usipofungwa ni 500. Basi.

Someni tena huo mstari, taratibu. "Kutumia." Kutumia ni nini? Kuangalia ramani iliyobandikwa kwenye dashibodi ni kutumia? Kubonyeza "kubali" abiria mpya anapoita? Kuongea kwa visikizi? Yule mtu wa boda aliyesokomeza simu ndani ya helmeti, ikabanwa sikioni kama sandiwichi, mikono yote miwili kwenye usukani, anatumia au hatumii? Na "katika mwendo" kwenye jam ya Mombasa Road ni lini? Unasonga mita tatu, unasimama dakika kumi.

Neno likiwa pana hivyo, anayeamua maana yake ni afisa aliyesimama mbele yako saa hiyo. Ndio maana wale wa "mtego" hawajakosea kabisa. Siwezi kuwacheka. Sheria isiyoeleza maana yake inaacha nafasi ya mazungumzo, na mazungumzo ya kando ya barabara tunayajua huishia wapi.

Na kuna mtu mmoja ambaye mstari huo haumgusi kamwe: mheshimiwa. Simu yake iko kiti cha nyuma, usukani uko mikononi mwa dereva. Anaweza kutuma meseji mia kutoka Nakuru hadi Nairobi na hajavunja chochote. Halafu akishuka anampigia dereva, "Uko wapi wewe? Zunguka mbele." Dereva akipokea akiwa anazunguka, kosa ni la nani?

Niwape yangu sasa.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa na shida ya kodi ya chumba. Anko wangu, ndugu ya mama, anaendesha teksi ya programu. Jioni moja, mvua ya rasharasha, nikampigia. Akapokea kwa visikizi. Anko si mtu wa kushika simu barabarani, hilo ni jambo analojivunia mbele ya madereva wenzake.

"Anko, shikamoo. Mwenye nyumba amekuja tena."

"Marahaba. Nitakutumia, nimalizie hii trip."

Hapo ningekata. Sikukata. Nikauliza, "Leo au kesho? Kwa sababu amesema akija kesho anatoa vitu nje." Akaanza kuhesabu kwa sauti, nina elfu mbili huku, kesho nikipata ya mafuta... Halafu nikasikia mlio. Halafu kimya, halafu sauti ya mwanamke akipiga kelele, abiria wake.

Alikuwa amemgonga mtu wa boda karibu na Donholm. Mguu ulivunjika mahali pawili. Yule kijana alikaa miezi minne bila kupanda pikipiki, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkopo. Bima ilizunguka-zunguka, ikabidi Anko aanze kulipa hospitali kutoka mfukoni. Kodi yangu, bila shaka, haikuja.

Afisa alipofika aliuliza maswali yake. Moja lilikuwa, "Ulikuwa umeshika simu?" Anko akasema hapana, ilikuwa masikioni. Afisa akaandika, akaenda swali linalofuata. Kwa huo msamiati wa mkono, Anko alikuwa safi.

Nimewaza sana juu ya yule mwanamke abiria. Yeye pia angeweza kuwa anaongea na Anko wakati ule. Lakini angeona mvua, angeona boda inakatiza, angenyamaza au angepiga ukelele. Mimi nilikuwa chumbani, nimelala kitandani, sioni barabara, nangoja jibu. Hiyo ndiyo tofauti ya simu na redio niliyowaambia mweke kando. Pia ndiyo tofauti ya simu na abiria.

Kwa hiyo, je, kuna wakati simu inakubalika ukiendesha? Jibu langu ni finyu. Gari likiwa limesimama kabisa, ndiyo, lipa mafuta yako, angalia ramani yako. Kuita msaada pale ambapo kusimama ni hatari zaidi, kwa mfano unafuatwa usiku na hujui ni nani, ndiyo. Mazungumzo gari likitembea, hapana, hata kwa visikizi. Meseji hata tusiijadili: utafiti wa 2009 wa Virginia kwa madereva wa malori ulionyesha kwamba wakiandika, macho hutoka barabarani kwa sekunde 4.6 katika kila sita. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu ya matatu zetu, hizo ni zaidi ya mita 100 ukiendesha kipofu.

Lakini sitaki kumwekea Anko mzigo wote, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wa "afungwe". Kumbukeni kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Hazikumwambia dereva tu apunguze kasi. Zilimlazimu mwenye gari aweke kidhibiti mwendo, na mikanda kwenye kila kiti. Wajibu ulipanda ngazi. Sasa programu inayompa dereva sekunde chache za kukubali safari akiwa anaendesha, kwani hiyo si mtambo wa kulazimisha watu kutumia simu barabarani? Inajua gari linakwenda kasi gani, maana ndiyo inayohesabu nauli. Inaweza kungoja hadi gari lisimame. Hakuna anayeilazimisha, kwa sababu mstari wetu wa 2016 unamjua dereva peke yake.

Mwombaji kura akija mtaani kwenu na kauli ya "tutakuwa wakali", au ile nyingine ya "tutawaondolea polisi", mwulizeni hayo mawili. Neno "kutumia" utaliandikaje? Na anayempigia dereva, au kumtumia kazi akiwa kwenye mwendo, utamfanya nini? Mimi nitasikiliza jibu la la pili kwa makini zaidi.

Anko bado anaendesha. Siku hizi nikimpigia na yuko barabarani, simu inakatwa baada ya mlio mmoja, halafu baada ya muda inakuja meseji: "Nimesimama. Sema." Kuna wakati inachukua saa nzima, na mwenye nyumba amesimama mlangoni.