Bunduki Katika Nchi ya Mikuki

Ukitoka Nairobi kwa barabara iendayo Namanga, msomaji, utavuka mto Athi, na punde si punde utafika Kitengela. Siku hizi utaona hapo maduka, majumba ya ghorofa na msongamano wa magari, wala hutaona jambo la kukukumbusha ya kuwa miaka mia na ushei iliyopita nyika hizi, pamoja na jirani zake za Kapiti, zilisifiwa Ulaya na Marekani kwa wingi wa wanyama na kwa mlio wa bunduki. Kutoka hapo hadi Isinya, Kajiado na mpaka wa Tanzania ni nchi ya Wamasai, watu waliotegemea mkuki na ngao. Nataka tutazame jinsi bunduki ilivyoingia katika nchi hiyo, na hasa tuulize ni nani aliyeruhusiwa kuishika.

Bunduki haikuletwa kwanza na walowezi. Misafara ya biashara kutoka pwani ilichukua magobore na baruti, na kabla ya mwaka 1890 silaha nyingi mno zilipita Unguja kwenda bara. Mscotland Joseph Thomson alipopita Umasaini katika mwaka 1883 na 1884, watu wake walikuwa na bunduki, lakini hazikumwondolea hofu. Alilipa hongo kila alikopita, kwa kuwa morani hawakutishwa upesi na moshi wa baruti. Gobore lilichukua muda kushindiliwa, na mkuki haukuhitaji kushindiliwa.

Kisha mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mapatano mjini Brussels. Mapatano hayo yalikusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu mojawapo ilizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na risasi zake katika Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Hapana shaka bunduki zilikuwa chombo cha wauza watumwa, na kuzizuia kulikuwa na sababu njema. Lakini angalia, msomaji, ni nani waliosalia na silaha hizo: ni serikali zenyewe za Ulaya, makampuni yao na wasafiri wao. Tangu hapo sheria ya bunduki katika nchi zetu ilianza kuuliza kwanza, "Wewe ni nani?" kabla ya kuuliza, "Wataka kuifanyia nini?"

Baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika Nairobi mwaka 1899, serikali ya Waingereza iliitenga nchi kubwa iliyokuwa kusini ya reli, hadi mpaka wa Wadachi, iwe hifadhi ya wanyama. Nchi hiyo hiyo, kwa mapatano ya 1904 na 1911, ndiyo waliyosukumiwa Wamasai walipoondolewa katika malisho yao mazuri ya Bonde la Ufa na Laikipia. Mambo haya mawili hayakugongana kama ungalivyotazamia. Kwa desturi yao Wamasai hawakuwinda wanyama wa porini kwa chakula. Walikula na kunywa vya ng'ombe. Walimkabili simba kwa mkuki, ama kwa kulinda mifugo ama kwa kutafuta sifa ya ujana, lakini nyumbu, swala na punda milia walilisha pamoja na ng'ombe bila kuguswa. Watu wengi husema ya kuwa wanyama wa Kajiado waliokolewa na sheria. Mimi naona sheria iliwakuta wamekwisha kuhifadhiwa.

Katika mwaka 1909 alikuja Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Alipanda garimoshi Mombasa, akakaa juu ya ubao uliofungwa mbele ya injini apate kutazama wanyama, akashuka Kapiti, mashariki ya Kitengela, ambako kambi yake ilikuwa ikimngoja. Yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512 kabla ya kumaliza safari yao, wengi kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Leseni ya mwindaji mgeni wakati ule ilikuwa rupia 750, yaani pauni 50, fedha ambazo mpagazi wake hangezikusanya ila kwa kazi ya miaka mingi. Mwafrika katika safari hizo alikuwapo daima, na mara nyingi alikuwa na bunduki mkononi, lakini haikuwa yake. Aliichukua mpaka bwana aitake, akampa, kisha akasimama nyuma yake mbele ya kifaru akiwa mikono mitupu. Katika vitabu walivyoandika mabwana hao, mchukuzi wa bunduki husifiwa sana kwa ushujaa, tena kwa jina moja tu.

Serikali yenyewe pia ilipiga risasi. Katika miaka ya 1920, maradhi ya ng'ombe yalipoacha mizoga mingi Umasaini na simba wakazidi, idara ya wanyama ilimtuma J. A. Hunter awapunguze. Kwa masimulizi yake mwenyewe, katika miezi mitatu aliua simba zaidi ya 80. Baadaye, tangu 1944 hadi 1946, mtu huyo huyo aliua vifaru karibu elfu moja huko Makueni, ili nchi ipatikane kwa makazi ya Wakamba. Wala asidhani mtu ya kuwa wawindaji wote walikuwa wa moyo mmoja. Denys Finch Hatton, aliyezikwa mwaka 1931 juu ya vilima vya Ngong, aliishi kwa kuwaongoza matajiri kuwinda, na hata hivyo aliandika katika magazeti ya London kuwashutumu waliowafukuza simba kwa motokaa na kuwapiga risasi wakiwa garini. Yasimuliwa ya kuwa simba walionekana wamelala juu ya kaburi lake.

Sasa tufike mwaka 1953, ambao napenda uutafakari kwa makini. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Chini ya amri za wakati huo, Mwafrika aliyekutwa na bunduki au risasi bila idhini aliweza kuhukumiwa kifo. Mwaka huo huo Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alipiga kambi Salengai, na baadaye Kimana chini ya Kilimanjaro, pote katika wilaya ya Kajiado. Hakuwa na bunduki zake tu. Alipewa pia cheo cha heshima cha bwana nyama. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1956, Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri. Shitaka lililomfikisha kwenye kitanzi katika gereza la Kamiti, tarehe 18 Februari 1957, halikuwa la kuongoza vita. Lilikuwa la kuwa na bastola na risasi bila idhini.

Sheria ya Silaha inayotumika Kenya hadi leo, ambayo ni Sura ya 114, asili yake ni ya miaka hiyo. Imerekebishwa mara nyingi, lakini msingi wake haukubadilika: hakuna mwenye haki ya kuwa na bunduki, yuko tu aliyepewa cheti, na cheti chaweza kuondolewa. Katika Marekani mambo ni kinyume, kwa kuwa haki hiyo iliandikwa katika katiba yao tangu 1791. Hapa mwombaji huchunguzwa, naye lazima aonyeshe sababu. Wenye vyeti wanaopenda mchezo wa kulenga shabaha huenda kwenye viwanja maalumu, kama kile cha Kirigiti huko Kiambu, wakapiga karatasi na vibao.

Kuhusu uwindaji, mlango ulifungwa Mei 1977, serikali ilipoupiga marufuku. Maeneo ya Kajiado yaliyokuwa yamegawanywa kwa wawindaji wenye leseni yakanyamaza. Lakini bunduki haramu hazikunyamaza. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa 167,000 mwaka 1973, hawakutimia 20,000 mwaka 1989, kwa kuwa majangili walikuja na bunduki za vita. Ndovu wa Amboseli walisalimika zaidi ya wengine, na sababu mojawapo ni kwamba jangili hakuweza kupita kwa siri katika nchi iliyojaa wachungaji. Mwaka 1989 likaundwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na askari wake wakapewa silaha za kuwakabili watu hao. Na Juni 2021, hapo hapo Kajiado, karibu na Ngong, Rais Uhuru Kenyatta alitia moto silaha haramu 5,144 zilizokusanywa na serikali.

Basi turudi Kitengela. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, haina ua upande wa kusini. Wanyama huvuka mto wakaenda kulisha katika nyika za Kitengela, kama walivyofanya tangu kale. Nyika hizo zilianza kukatwa viwanja na kuuzwa katika miaka ya 1980, na kila ua mpya humfinya nyumbu na kumleta simba karibu zaidi na zizi. Juni 2012, katika kijiji cha Ilkeek-Lemedung'i, simba sita walioua mbuzi waliuawa na wenyeji kwa mikuki. Machi 2016 simba aitwaye Mohawk alipotea njia hadi Isinya, mchana, akazungukwa na umati na kumjeruhi mtu. Askari wa wanyama walimpiga risasi akafa, na nchi nzima ikauliza kwa nini hakupigwa sindano ya usingizi. Mchungaji aliyepoteza mbuzi wake usiku hakuwa na bunduki wakati wa Roosevelt, wala hana leo. Ana mkuki, ambao ukimuua simba waweza kumpeleka mahakamani, na ana sheria ya 2013 inayomwahidi fidia, ambayo huchelewa.

Mvulana mmoja wa hapo hapo, aliyepewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, alitambua ya kuwa simba huogopa taa inayotembea. Alichukua betri kuukuu ya gari na balbu za tochi, akazifunga kuzunguka zizi ziwake na kuzimika kwa zamu, simba adhani mtu anapita na kurunzi. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 2010, naye hakuwa ametimiza miaka 13. Taa za namna hiyo zimekwisha kufungwa katika maboma mengi ya Kitengela.