Halmashauri Isiyoombwa: Geita, Mwanza na Safari ya Uhuru

Miaka mia moja ya usharika haihesabiwi kwa ubatizo, ndoa na majengo peke yake. Waumini wa Kamanga waliishi pia kama wakulima, walipa kodi na raia, na katika miaka hiyo dola zilipita juu yao. Kizazi cha kwanza kilikuwa na wazee waliokumbuka utawala wa Kijerumani, ulioondolewa Mwanza na majeshi ya Waingereza mwezi Julai 1916. Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, wakaitawala Tanganyika kwanza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa na, tangu mwaka 1946, chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Mara nyingi historia ya uhuru husimuliwa kama jambo lililotendeka Dar es Salaam, London na New York. Lakini sehemu yake moja ilitendeka upande huu wa Ghuba ya Mwanza, katika Wilaya ya Geita ya wakati ule, ambayo ndani yake ilikuwamo nchi ambayo baadaye ikawa Wilaya ya Sengerema.

Pamba na mizani

Mkulima wa pamba hakuhitaji kuhutubiwa ili ajue ukoloni ni nini. Aliuona kwenye mizani. Alilima, akapalilia, akachuma, kisha akapeleka mzigo wake kwa mnunuzi ambaye alipima yeye, akasoma yeye na kulipa yeye. Vinu vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na bei haikupangwa na wakulima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kujiunga katika vyama vya ushirika wakiongozwa na Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana na kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, ambacho kwa muda mfupi kikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Hapo wananchi wa kawaida walijifunza kuchagua viongozi wao, kutunza hesabu na kuulizana maswali hadharani. Lilikuwa darasa la kujitawala, ingawa halikuitwa hivyo.

Wakati huohuo serikali iliwaamuru watu kulima kwa matuta, kupunguza mifugo na kufuata kanuni nyingi za kilimo. Baadhi ya kanuni hizo zilikuwa na faida kwa ardhi. Kilichowachoma watu ni kuamriwa na kutozwa faini bila kuulizwa, na kwamba watemi wao, waliopaswa kuwasemea, walifanywa kuwa watekelezaji wa amri hizo.

Hesabu ya viti

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kabla mwaka huo haujaisha, serikali ilikataza matawi yake katika nchi ya Wasukuma, na katazo hilo likadumu hadi mwaka 1958. Siasa zikazungumzwa chini kwa chini, na ushirika ukawa mahali pa kukutania.

Katika kipindi hicho Gavana Edward Twining aliendesha siasa ya mseto. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipewa wajumbe 30 wasio wa serikali: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Lakini nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia zaidi ya 70,000 na Wazungu wapatao 20,000. Kwa maneno mengine, kile kilichoitwa usawa kilikuwa usawa wa viti, si wa watu.

Kisha mpango huo ukashushwa wilayani, na Geita ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kupewa halmashauri ya mseto. Wananchi waliikataa. Hoja yao haikuwa chuki kwa jirani mwenye rangi nyingine. Walihoji ni nani aliyewaomba watu hao wawaamulie mambo yao, na kwa nini watemi walikubali kabla ya kuwauliza.

Mwezi Julai 1958 umati wa watu wa Geita ulikwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao kwa mkuu wa serikali wa Jimbo la Ziwa. Kati ya makwao na ofisi hiyo kulikuwa na maji ya ghuba, lakini maji hayakuwazuia. Polisi waliwatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi. Waliondoka wamepigwa, lakini jambo lao halikushindwa. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyeanza kazi mwezi huohuo, alikuwa ametumikia Kenya wakati wa vita vya Mau Mau na alijua gharama ya kutawala watu wasiokubali. Halmashauri za mseto hazikulazimishwa tena, na katazo juu ya TANU likaondolewa.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mwaka 1954 ulikadiria kwamba uhuru ungeweza kupatikana katika miaka 20 hadi 25. Ulipatikana baada ya saba, tarehe 9 Desemba 1961. Kanisa nalo lilipita njia hiyo: tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, likiongozwa na Askofu Stefano Moshi, mwana wa nchi hii.

Baada ya bendera

Haki inataka habari isemwe hadi mwisho. Serikali ya wananchi wenyewe ilivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika, pamoja na kile cha Mwanza kilichojengwa kwa pamba na jasho la watu wa kanda hii. Mamlaka hayo yalirudishwa katika miaka ya 1980, lakini nguvu ya ushirika wa zamani haikurudi yote. Mtawala alikuwa amebadilika, na bado mkulima aliamuliwa bila kuulizwa.

Ndiyo maana habari ya mwaka 1958 inastahili nafasi katika kitabu hiki. Wazee wale hawakudai jambo kubwa kuliko kuulizwa. Dai hilo halikuisha bendera ya Uingereza iliposhushwa. Linawahusu viongozi wa kijiji, wa ushirika, wa serikali na wa usharika, kila wanapoketi kuamua mambo ya watu wasiokuwapo mezani.